Ukienda Arusha National Park kwa siku moja, anza na asubuhi

Jamani kama uko Arusha au Moshi na una siku moja tu, nenda Arusha National Park, na mwambie dereva mtoke mapema kabisa, saa kumi na mbili mko barabarani, maana Kilimanjaro huwa inaonekana vizuri asubuhi kabla mawingu hayajaifunika, na Meru yenyewe (mita 4,566) iko hapo hapo juu yako. Beba kitambulisho, Mtanzania analipa kidogo sana kuliko mgeni.

Msikae tu kwenye gari siku nzima! Omba matembezi ya miguu pale geti la Momella, mnapewa askari mwenye bunduki maana nyati wapo kweli, na hapo ndo utamu ulipo, twiga anakuangalia kutoka kwenye miti huku anatafuna taratibu, unaona hadi kope zake. Mbega nao watafute kule msituni karibu na kreta ya Ngurdoto, usikimbize macho, tafuta ule mkia mweupe unaoning'inia kama pindo la shuka, na ukipata darubini angalia mikono yao, kidole gumba karibu hakipo, ni kinundu kidogo tu.

Simba usiwategemee hapa. Heroe kwenye maziwa ya Momella wanakuja na kuondoka, kwa hiyo muulize mwongozaji wako siku hiyo wako ziwa gani. Na sweta usiache, huko juu kuna baridi.