Klasi ipi ina nguvu? Pima siku nzima, usipime pigo moja

Karibu kila kundi jipya la mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa dadu ninaloketi nalo hapa Lubumbashi lina malalamiko yaleyale kuhusu klasi, yaani aina za wahusika: mchawi anamaliza vita peke yake, mwenye upanga anabaki kuokota dadu. Juzi kijana mmoja wa Katuba aliniletea kaye yake. "Yaya, mpiganaji wangu hana kazi. Nibadilishe klasi?" Tukapiga hesabu upya, mstari kwa mstari. Nilimwambia asibadilishe. Kilichotakiwa kubadilika ni namna meza yao, yaani kundi lao, inavyowalaza wahusika, na nitaeleza kwa nini.

Ninatumia Dungeons & Dragons toleo la tano, kanuni za 2014. Fighter nitamwita mpiganaji, Rogue mjanja, Wizard mchawi, na Warlock mwana-agano.

Hatua ya 1: Pata kanuni zenyewe

Pakua SRD 5.1, hati ya kanuni za msingi za mchezo huu. Ni bure na ni halali: tangu Januari 2023 iko chini ya leseni ya Creative Commons, na ya Kifaransa ipo. Ina klasi zote 12, kila moja na tawi moja. Orodha za "klasi bora" zinazozunguka mitandaoni ziache. Zinapanga klasi kutoka juu hadi chini bila kusema zimepimwa kwa siku ya namna gani, na siku ndiyo jambo lenyewe.

Hatua ya 2: Weka wote kwenye mstari mmoja

Wote ngazi ya 5, uwezo mkuu 18, bila silaha za uchawi. Ninachagua ngazi ya 5 kwa sababu hapo mpiganaji anapata pigo la pili na mchawi anapata mpira wa moto. Adui awe mmoja kwa wote: kinga 15, nyongeza ya kukwepa +2. Hizo ni namba za goblini, adui mdogo wa kawaida.

Hatua ya 3: Wastani wa raundi moja

Anayeshambulia anarusha dadu ya pande 20, na uwezekano wa kupiga ni (21 + nyongeza − kinga) ÷ 20. Ngazi ya 5 nyongeza ni +7, yaani 13 ÷ 20, asilimia 65. Zidisha kwa wastani wa madhara, kisha ongeza dadu za ziada za pigo la 20 halisi, yaani dadu yenyewe ikionyesha 20. Pigo hilo linarudia dadu tu, nyongeza hairudiwi.

Mpiganaji wa tawi la Champion mwenye upanga mkubwa: 15.7 kwa raundi, kwa kuwa 19 nayo inahesabika kama 20.
Mjanja akipata shambulio la kuvizia kila raundi: 13.1. Akipata pia nafasi ya kurusha dadu mbili na kuchukua kubwa: 18.1.
Mwana-agano na miale yake miwili, mwenye Agonizing Blast (uwezo unaoongeza +4 kwenye madhara ya kila mwale): 12.9.
Mchawi na mshale wa moto usiomgharimu chochote: 7.7.
Mpira wa moto: dadu 8 za pande 6, wastani 28. Anayekwepa anapata nusu. Kwa adui wetu ni 22.4 kwa kila aliye ndani ya duara.

Fanya haya kwenye LibreOffice Calc au kwenye kaye yenye mistari. AnyDice ni tovuti nzuri, lakini inataka mtandao, na mega zikiisha au delestaji ikiingia katikati ya hesabu, unaanza upya. Karatasi haizimiki.

Hatua ya 4: Hesabu siku, kutoka usingizi hadi usingizi

Hapa ndipo watu wengi wanapoachia, na hapa ndipo jibu lilipo. Nenda polepole.

Klasi hizi hazirudishiwi nguvu kwa wakati mmoja. Mchawi anarudishiwa nafasi zake za uchawi (kila nafasi ni uchawi mmoja wa kutupa) kwa pumziko refu, saa 8. Mwana-agano anarudishiwa zake zote kwa pumziko fupi, saa 1. Mpiganaji naye, kwa saa hiyo moja, anapata tena zamu yake ya ziada na uwezo wa kujiponya. Mjanja hamalizi kitu: anachofanya asubuhi ndicho anachofanya jioni. Kwa hiyo swali la "nani ana nguvu" halina jibu mpaka useme kuna vita vingapi kati ya usingizi na usingizi, na katikati watu wameketi mara ngapi.

Kitabu cha mwendesha mchezo cha 2014 kinasema kundi la kawaida linaweza kuhimili vita 6 hadi 8, vya wastani au vigumu, kwa siku moja. Klasi zimepimwa kwa siku ya namna hiyo. Sasa angalia meza ya Katuba: Jumapili baada ya ibada wanacheza vita viwili, giza linaingia, kila mtu anakwenda kwao. Jumapili inayofuata wanaanza kana kwamba wahusika wote wamelala. Mchawi hajawahi kuishiwa hata mara moja.

Siku ya kwanza, ya Katuba: vita 2, raundi 4 kila kimoja, maadui 3 ndani ya duara, hakuna pumziko fupi. Mchawi anatupa mipira 2 ya moto, miale ya Scorching Ray mara 3 (14.7 kila mara), na raundi 3 za mshale. Jumla 202. Nafasi zake 4 za daraja la kwanza nimeziacha kwa kujikinga. Mwana-agano wa tawi la Fiend, ambaye naye ana mpira wa moto, anatupa 2 na kupata 212, mpiganaji 141, mjanja 105. Kijana alikuwa na haki ya kulalamika.

Siku ya pili, ya kitabu: vita 6, raundi 4 kila kimoja, mapumziko mafupi 2. Mchawi anapata mpira wa tatu, kwa sababu pumziko fupi moja kwa siku linamrudishia nafasi kidogo. Raundi 18 zilizobaki ni mshale wa 7.7. Jumla 384. Mpiganaji ana raundi 24 na zamu 3 za ziada: 424. Amempita. Mjanja 314, au 434 akiwa na dadu mbili kila raundi. Mwana-agano anatupa mipira 6 na kufika 635. Mnyime saa zile mbili za kuketi, anashuka hadi 418. Madhara zaidi ya 200 yanatokana na mwendesha mchezo kusema "haya, pumzikeni" mara mbili.

Sasa tahadhari, na hizi usiziruke.

Ya kwanza: idadi ya maadui ndani ya duara inapindua kila kitu. Weka adui 1 badala ya 3, na mchawi wa siku ya pili anashuka kutoka 384 hadi 250, mwana-agano hadi 367, mpiganaji anabaki palepale. Dubwana moja kubwa kila mara linampendelea mwenye upanga.

Ya pili: duara la futi 20 kutoka katikati halichagui, isipokuwa mchawi ni wa tawi la Evocation, ambaye anaweza kuwakinga wenzake. Mpiganaji akiwa katikati ya maadui, na yeye anaungua. Raundi ya kwanza mpira unawapata watatu, raundi ya tatu mara nyingi hupati hata mmoja bila rafiki yako kuwa ndani.

Ya tatu, na hii imepoteza saa nyingi za watu: madhara yanayozidi uhai wa adui si madhara. Goblini ana uhai 7. Mpira wa moto kwa watatu unaandikwa 67 kwenye jedwali, lakini watatu wale wana uhai 21 tu. Pigo la upanga mkubwa halishuki chini ya 6, kwa hiyo karibu kila pigo linaua goblini mmoja: wastani 1.3 kwa raundi. Jedwali linasema mchawi anampita mpiganaji zaidi ya mara nne, uwanja unasema mara mbili na kidogo. Ukipima kwa goblini, hesabu waliokufa. Ukipima kwa zimwi la aina ya ogre, lenye uhai 59, hapo hesabu madhara, na ubadilishe kinga iwe 11.

Ya nne: usichanganye siku ya mchezo na kikao. Kikao kinaisha kwa sababu watu wana kwao. Siku ya wahusika haijaisha. Nafasi za uchawi zilizobaki ziandikwe kwenye kaye kwa biki kabla mtu hajavaa viatu.

Hatua ya 5: Yasiyoingia kwenye jedwali

Uhai: mpiganaji mwenye Constitution (uimara wa mwili) 14 ana 44, mchawi 32. Nje ya vita, mjanja anafungua mlango, na mchawi anaweza kufungua mambo ambayo mpiganaji hawezi kabisa. Hapo mpiganaji amepunjwa kweli, na hesabu ya siku haimtibu. Usimsukumie mtu klasi ya kasisi (Cleric) kwa sababu tu "lazima awepo wa kuponya". Kasisi ni klasi kamili, si gari la wagonjwa.

Hatua ya 6: Rekebisha siku kwanza, klasi baadaye

Kama kikao chenu kinabeba vita viwili tu, chagueni moja kati ya haya. Unganisheni vikao vitatu viwe siku moja ya wahusika, ndivyo nilivyowashauri wale wa Katuba. Au tumieni kanuni ya hiari ya kitabu hichohicho cha 2014, ambapo pumziko fupi ni saa 8 na refu ni siku 7. Inafaa sana kwa hadithi za safari ndefu. Haifai ndani ya pango, kwa sababu hakuna anayekaa wiki nzima mlangoni pa adui.

Msianze kwa kumpa mpiganaji upanga wa uchawi ili kumtuliza. Siku mkiirefusha mtakuta amempita mchawi, na kumnyang'anya mtu upanga aliokwisha kuuzoea kunavunja meza haraka kuliko mpira wa moto.

Mkifika ngazi ya 11 pigeni hesabu upya. Mpiganaji anapata pigo la tatu, mwana-agano mwale wa tatu na nafasi ya tatu, mchawi anafungua uchawi wa daraja la sita, na namba zote nilizoandika hapa zinakuwa zimepitwa.