Mtoto anaanza darasa la kwanza Januari? Mambo ya kuzingatia kabla, upande wa afya

Jamani wazazi, sare mmeshanunua, madaftari yapo, begi lipo, ila kuna kitu karibu kila Januari kinasahaulika, nacho ni kumwambia mwalimu mtoto wako ana tatizo gani la kiafya. Mi nafundisha darasa la kwanza huku nyanda za juu kusini na naomba mjue kwamba shule nyingi za msingi hazina nesi, kuna mwalimu wa afya ambaye naye ana vipindi vyake kama sisi, na kuna kisanduku cha huduma ya kwanza ambacho siku nyingine kina pamba na spiriti tu, kwa hiyo anayeamua mtoto apumzike kidogo au akimbizwe zahanati ni mwalimu wa zamu, na anaamua kwa kile anachokijua.

Mwaka fulani nilipokea mtoto mwenye selimundu, yaani sikoseli, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, na hakuna aliyeniambia. Mwezi wa sita, baridi kali, tuko mchakamchaka, akakaa chini pembeni ya uwanja kashika goti anasema mguu unauma, nikamwambia simama ukimbie na wenzio. Akasimama, akakimbia. Saa nne alikuwa kajikunja juu ya dawati, midomo imekauka, macho yana unjano, tukampakia bodaboda mi nimemshikilia katikati. Alipata nafuu, lakini mama yake aliponiambia "mwalimu, niliogopa mtamkataa" niliumia sana. Hatumkatai mtoto mama, ningejua nisingemkimbiza. Baridi, kukimbia sana na kukaa bila maji ndo vinamwamshia maumivu, kwa hiyo nikijua namtoa mchakamchaka, namwacha na sweta lake darasani, anakunywa maji muda wowote na akiomba chooni mara tano simkatalii.

Mwenye pumu leta pampu yake ina jina, unionyeshe inavyotumika. Mwenye kifafa tuambie huwa kinamchukua muda gani, sisi tutamlaza kwa ubavu, kijiko mdomoni hatuweki, na kikipita dakika 5 ni hospitali moja kwa moja. Na dawa usimwekee mfukoni, watoto wa umri huu wanagawana vidonge kama pipi, mpe mwalimu mkononi na karatasi yenye saa na kipimo.

Halafu hili la panado ya asubuhi. Mtoto kaamka na homa, mama anawahi sokoni, anampa panado, getini anafika wa baridi kabisa anacheza, ikifika saa nne dawa imeisha nguvu anawaka moto na simu ya mzazi haipatikani. Naelewa maisha yanabana, ila mwenye homa, anayeharisha au kutapika abaki nyumbani na apelekwe akapimwe malaria, usikisie ukanunua dawa mseto tu. Tetekuwanga asirudi mpaka vipele vyote viwe vimekauka na kufanya magamba, maana mmoja akija navyo baada ya wiki mbili nusu ya darasa haipo.

Toa na kadi ya kliniki kabatini uiangalie. Surua-rubela ni mara mbili, miezi 9 na miezi 18, hiyo ya pili ndo wengi wanairuka, kama haipo nenda nayo zahanati kabla shule haijafunguliwa ukaulize. Dawa za minyoo na kichocho zikiletwa shuleni usimfiche mtoto ndani, mpe tu chai nzito au ugali wa jana asubuhi hiyo, tumbo tupu linaongeza kichefuchefu na ndo hapo maneno yanaanza mtaani kwamba dawa ni mbaya. Wenye mabinti wa miaka 9 hadi 14, ile chanjo ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi tangu 2024 ni dozi moja.

Mwisho namba za simu, andika mbili nyuma ya daftari lake kwa peni, ya kwako na ya jirani au shangazi anayeshinda karibu, na ukibadilisha laini uje ubadilishe na pale.