Kibali cha kutiririsha maji taka Mwanza: anza na daftari, fomu baadaye

Kwanza jua maji ya kiwanda chako cha minofu ya samaki yanaishia wapi. Yakiingia kwenye mtandao wa maji taka wa jiji, malizana na MWAUWASA, mamlaka ya maji ya jiji. Yakienda ziwani, au kwenye mto kama Mirongo ambao nao unamwaga ziwani, unaomba Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Victoria, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009. Fomu, cheti cha kampuni, ramani, namba ya malipo: hayo mnayajua.

Kinachorudisha faili ni hesabu. Soma dira ya maji kila siku kabla ya zamu na baada ya zamu. Toa maji yaliyogeuka barafu na kuondoka na minofu. Yanayobaki ndiyo unayomwaga. Ukijaza meta za ujazo 80 wakati ankara inaonyesha 200, utaulizwa hizo 120 kazinywa nani.

Sampuli ndiyo iliyotutoa jasho. Mtaalamu tuliyemlipa alichota saa 1 asubuhi, meza za sangara bado kavu. Majibu yakaja masafi kiasi cha kunywewa, faili likarudi, na yeye alishakula chake. Simamieni wenyewe: chota wakati minofu inakatwa, na tena wakati sakafu inaoshwa, maana hapo ndipo damu na mafuta hushuka. Jaza chupa hadi shingoni, iweke kwenye barafu, ifike maabara siku hiyohiyo. Ijumaa jioni usithubutu. Kipimo cha BOD, yaani oksijeni ambayo vijidudu hutumia kuozesha uchafu majini, huchukua siku 5 kwenye nyuzi 20, na vijidudu havisubiri mtu arudi kazini Jumatatu.

Kikomo cha BOD kwa maji yanayotoka ni miligramu 30 kwa lita, kwa kanuni za viwango vya ubora wa maji za 2007. Miligramu kwa lita ni sawa na gramu kwa meta ya ujazo, hivyo meta za ujazo 200 kwa siku zikiwa kikomoni ni kilo 6 za BOD kwa siku. Andika kilo hizo kwenye daftari, na pembeni yake gharama: kemikali, umeme wa vipuliza hewa, gari la kunyonya tope. Mhasibu atataka kuzisukumia kwenye “matengenezo”. Mkatalie, afungue akaunti yake, kwa sababu ripoti ya ukaguzi wa mazingira inayokwenda NEMC, baraza la taifa la mazingira, itadai takwimu hizohizo, na zikipishana na za kibali utaeleza mara mbili.

Ukipeleka faili, ondoka na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. “Acha tu hapo, tutakupigia” si muhuri.