Raba ya kutembelea: bonyeza kisigino kwanza, rangi utaangalia baadaye

Watu wengi wakiingia dukani kutafuta raba za kutembelea wanafanya kitu kilekile, wanaishika, wanabonyeza soli na kidole, wakiona inabonyea kama godoro basi wanasema eeh hii ndo yenyewe. Sasa ulaini ni mtamu dakika tano za kwanza, lakini kinachomtegua mtu mara nyingi sio ugumu wa soli, ni mguu kuyumba. Soli nene alafu laini kupita kiasi inakuinua juu, ukikanyaga kijiwe kwa ukingo inabonyea upande mmoja tu, kifundo kishaenda na maji.

Kwanza elewa kifundo kinategukaje. Mara nyingi unyayo unapinda kuelekea ndani, uzito wote unaangukia ukingo wa nje wa mguu, na zile kano za upande wa nje, yaani nyuzi ngumu zinazofunga mfupa na mfupa, zinavutika au zinachanika. Upande wa ndani ni nadra zaidi kwa sababu kano za kule ni nene na zina nguvu, alafu mfupa wa nje umeshuka chini zaidi kwa hiyo unazuia mguu usipindie nje kirahisi. Ndo maana ukiteguka uvimbe unaanzia pale mbele kidogo na chini ya ule mfupa uliotokeza nje.

Kwa hiyo kiatu unachokitaka ni kile kinachoshika kisigino kisiyumbe. Kishike nyuma, ile sehemu inayokumbatia kisigino, ibane kwa kidole gumba na cha shahada, ikikunjika yote kirudishe kwenye shelfu. Alafu shika mbele na nyuma ukikunje, kinatakiwa kikunjike pale vidole vinapoanzia, sio katikati ya unyayo, kikikunjika katikati kabisa hicho ni cha kukaa nacho sebuleni. Ukimaliza kisokote mkono mmoja huku mwingine kule, kigome kidogo. Angalia na chini, soli iwe pana kwenye kisigino na iwe na meno ya kushika ardhi, maana kuteleza nako ni njia ya kuteguka.

Kujaribu ndo watu wanafanya haraka haraka. Nenda jioni, miguu inavimba kidogo kadri siku inavyoenda, kiatu kilichokutosha asubuhi saa kumi na moja jioni kinabana. Nenda na soksi utakazovaa kweli. Vaa vyote viwili, miguu ya watu wengi hailingani, unanunua saizi ya mguu mkubwa. Simama, usipime ukiwa umekaa, mbele ya kidole kirefu kuliko vyote ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba (na kidole kirefu sio lazima kiwe gumba, wengine ni cha pili). Tembea mle dukani, kama kuna ngazi panda na ushuke, kisigino kikiwa kinapanda na kushuka ndani ya kiatu achana nacho. Na kama kinakubana ubavuni usiongeze namba, utapata kiatu kirefu ambacho bado hakikutoshi, tafuta kipana zaidi kwa saizi ileile. Muuzaji akikwambia kitaachia ukikivaa mshukuru uondoke, kiatu cha kutembelea kinatakiwa kikae vizuri siku hiyohiyo.

Kuna jambo la kamba ambalo halina gharama na wengi hawalijui. Raba nyingi zina tundu moja la ziada pale juu kabisa, linaloachwa tupu. Funga kamba kama kawaida mpaka tundu la pili kutoka juu, alafu usizivushe, kila kamba iingize kwenye tundu la juu la upande wake huohuo mpaka ibaki kitanzi kidogo, sasa ncha ya kulia ipitishe kwenye kitanzi cha kushoto na ya kushoto kwenye cha kulia, vuta kushuka chini ndo ufunge. Utasikia kisigino kimekaa nyuma kimetulia. Ukivuta kupita kiasi mguu utakufa ganzi juu, legeza.

Buti ndefu zinazopanda mpaka kwenye kifundo zinasaidia njia ya mawe au ukiwa na mzigo mgongoni, ila zisikudanganye, mguu dhaifu ndani ya buti ndefu bado ni mguu dhaifu. Na raba inazeeka ndani kabla ya nje, wengi wanakadiria kati ya kilomita 500 na 800. Iweke mezani uitazame kwa nyuma, ikiwa imelalia upande mmoja hiyo inakutegua polepole, hata kama juu bado inang'aa.

Sasa kiatu ni nusu tu ya kazi. Aliyewahi kuteguka ndiye yuko kwenye hatari zaidi ya kuteguka tena, kwa sababu kano zikiumia na ile hisia ya mguu kujua umekanyaga vipi inapungua. Hisia hiyo inarudi kwa mazoezi. Simama mguu mmoja ukiwa unapiga mswaki, sekunde 30 kila upande, ukizoea fumba macho ukiwa karibu na ukuta, utashangaa unavyoyumba. Ongeza kupanda juu ya vidole na kushuka taratibu, na kunyoosha misuli ya nyuma ya mguu, goti likiwa limenyooka alafu likiwa limekunjwa kidogo. Na umbali ongeza kidogokidogo, watu wanateguka wakishachoka, na wakishuka mteremko macho yako kwenye simu.

Ikitokea umeteguka, angalia kama unaweza kutembea hatua nne, hata za kuchechemea. Ukishindwa, au ukibonyeza ukingo wa nyuma wa ule mfupa uliotokeza kwenye kifundo, wa nje au wa ndani, au ule wa ubavu wa nje katikati ya unyayo, ukaruka kwa maumivu, nenda ukapige eksirei. Mguu ukiwa umepinda vibaya au umekufa ganzi usingoje kupima hatua. Na mwenye kisukari asitegemee maumivu kumwambia, miguu yake inaweza isihisi vizuri, akaonwe tu.

Kama sio hivo, barafu iliyofungwa kwenye kitambaa dakika 15 mpaka 20, bandeji isiyobana mpaka vidole vibadilike rangi, na mguu uinuliwe juu kuliko kifua. Maji ya moto na kukandwa kwa nguvu siku za mwanzo hapana, vinazidisha uvimbe. Maumivu yakipungua usiulaze mguu wiki nzima, anza kuandika herufi hewani kwa kidole gumba. Kutembea kwa mwendo mrefu subiri mpaka uweze kusimama kwa mguu ulioumia muda sawa na ule mzima bila maumivu, uanzie njia iliyo sawa, mawe na mteremko vije baadaye.