Fyuzi iliyokatika: isome kabla hujaweka nyingine

Fyuzi haikatiki bure. Uzi ulio ndani yake umewekwa makusudi uyeyuke kwanza, kabla transfoma, mota au nyaya za nyumba hazijaungua. Ukiizungushia karatasi ya pakiti ya sigara au ukaweka kipande cha waya wa shaba, kifaa kitawaka, ila sasa cha kuyeyuka ni ule waya uliopita juu ya silingi bodi, na hapo ndipo moto wa nyumba huanzia.

Kwanza chomoa plagi. Kuzima swichi hakutoshi, kwa sababu soketi ikiunganishwa kinyume, swichi hukata nyutro (waya wa kurudishia umeme) na laini (waya unaoleta umeme) inabaki hai. Amplifaya na sapulai za runinga ziache dakika kadhaa, kapasita zake, yaani vipande vya kuhifadhi umeme, hutunza chaji. Mikrowevu usiifungue kabisa kama si kazi yako: kapasita yake hubeba maelfu ya volti na huua hata plagi ikiwa mkononi mwako.

Sasa toa fyuzi, usome maandishi kwenye kofia yake ya chuma. Tuseme imeandikwa T3.15AL250V. T ni fyuzi ya polepole, inayovumilia msukumo wa kuwasha transfoma au mota. F ni ya haraka, hukatika papo hapo. 3.15A ni ampea inazobeba. L maana yake ni uwezo mdogo wa kukata shoti: ampea 35, au mara kumi ya ampea zake, ipi iliyo kubwa. Ikiandikwa H, uwezo ni ampea 1500, na mara nyingi mwili wake ni wa kauri uliojazwa mchanga. Ya kauri usiibadilishe kwa ya kioo, shoti kubwa inaweza kuipasua. Volti 250 ndiyo kikomo, kwa hiyo fyuzi ya gari ya volti 32 haina kazi kwenye umeme wa volti 230. Pima na umbo: za kioo zilizozoeleka ni milimita 5 kwa 20, na 6.3 kwa 32.

Fyuzi ya plagi ya pini tatu ina urefu wa milimita 25.4 na huandikwa BS 1362. Ya ampea 3 ni nyekundu, ya 13 ni kahawia. Ya bandia huwa nyepesi kwa kuwa haina mchanga ndani. Kuchagua ni hesabu ya darasani: gawa wati kwa 230. Runinga ya wati 100 haifiki nusu ampea, iwekee ya 3. Pasi ya wati 1200 inavuta ampea 5.2 na birika la wati 2000 linavuta 8.7, yote yanataka ya 13.

Kuangalia kwa macho kunadanganya, tumia mita. Weka kwenye mlio (alama ya kupima kama njia imeunganika) au omu 200, pima fyuzi ikiwa imetolewa, kwa sababu ikiwa ndani ya sakiti umeme wa mita unaweza kupita njia nyingine ukadhani ni nzima. Nzima husoma karibu na sifuri.

Kisha isome yenyewe. Uzi ukiwa na pengo dogo katikati na kioo ni safi, mzigo ulizidi kidogo au fyuzi imezeeka. Hiyo unaweza kubadilisha na kujaribu. Kioo kikiwa cheusi au kimepakwa rangi ya fedha, ni shoti. Usiweke nyingine kabla hujapima daraja la dayodi (dayodi nne zinazogeuza AC kuwa DC), transista za kutolea (zile kubwa za mwisho zinazobeba mzigo) na waya wa plagi, utachoma fyuzi tano bure. Kwa vyombo vya mtumba vinavyouzwa Arusha na Moshi, angalia kwanza kibandiko cha nyuma: kilichotengenezwa kwa matumizi ya Japani mara nyingi ni cha volti 100, na kinataka transfoma ya kushushia.

Kwenye mashine ya kusaga na kukoboa ndipo fyuzi inapoleta hasara kubwa. Mota ya hosipawa 10 kwenye fezi tatu hutumia takriban ampea 15, na ikiwashwa moja kwa moja huvuta mara sita au saba ya hapo. Fyuzi moja ikikatika, mota haisimami. Inaendelea kwa fezi mbili ikinguruma, inavuta karibu mara 1.7 kwenye hizo zilizobaki, na waindingi (koili za shaba ndani ya mota) inaungua kabla gunia halijaisha. Ikinguruma bila kuzunguka, zima palepale. Badilisha zote tatu kwa mpigo, maana mbili zilizobaki zimeshapata joto. Tazama pia herufi zilizoandikwa kwenye fyuzi hizo: gG hulinda dhidi ya mzigo kuzidi na shoti, aM hulinda shoti tu, kwa hiyo lazima stata (swichi ya kuwashia mota) iwe na ovalodi (kifaa kinachozima mota mzigo ukizidi) iliyosetiwa kwa ampea za kwenye kibao cha mota.

Ukikuta fyuzi imeyeyuka pembeni kwenye kofia, au plastiki imekuwa kahawia, kosa si la fyuzi. Klipu, yaani kishikio cha fyuzi, imelegea. Mgusano mbovu huzaa joto, na vumbi la kiangazi cha Arusha, kutu ya kijani ya masika na sisimizi vinaongeza. Umeme ukiwa umezimwa, piga brashi kavu, sugua klipu kwa kifutio cha penseli (msasa huondoa mpako wake), bana klipu kidogo, kaza skrubu za plagi. Klipu iliyopoteza ukakamavu nunua mpya. Kwa mashine inayosaga kila siku, fanya hivyo kila baada ya miezi mitatu, na mara moja zaidi mvua za masika zikiisha.

Andika aina kamili ya fyuzi kwa kalamu ya maka ndani ya kifuniko, na ubandike ya akiba hapohapo kwa selotepu.