Pilau ya sikukuu ya watu 20 bila kugeuka bokoboko

Kwetu ni familia ya mchanganyiko, upande wa mama Waislamu upande wa baba Wakristo, kwa hiyo pilau la watu wengi linapikwa Idi ndogo, Idi kubwa na Krismasi, na miaka hii sufuria nimeachiwa mimi. Mara ya kwanza nililiharibu mbele ya mawifi. Wali ulishikana ukawa kama uji mzito, wifi mkubwa akaangalia sinia akauliza kwa upole kabisa, "Kumbe leo mmetupikia bokoboko?" Watu wakacheka hadi jioni. Sasa haya ninayoandika ndio nilijifunza baada ya ile aibu, na karibu yote yanahusu vitu viwili tu, kitunguu na maji.

Kwanza vipimo. Watu 20 wanaokula vizuri mimi napika mchele kilo 3, nyama ya ng'ombe kilo 2 na nusu (chukua yenye mifupa na mafuta kidogo, steki tupu inakupa supu ya maji maji), viazi kilo 1 na nusu, vitunguu maji kilo 1, kitunguu saumu vichwa vinne, tangawizi vipande viwili vya ukubwa wa kidole gumba, mafuta kama nusu lita. Viungo: bizari nyembamba, ile Wazanzibari wanaita uzile, vijiko vikubwa vitano, pilipili manga kijiko kikubwa kimoja, hiliki punje 20 hivi, mdalasini vijiti vitano, karafuu punje 12 basi, usizidishe, karafuu ikizidi pilau linanukia kama dawa ya meno. Nunua viungo vizima sokoni ukavikaange kidogo bila mafuta halafu utwange mwenyewe, nusu acha nzima. Vile vya pakiti vilivyosagwa tangu mwaka juzi vinaleta rangi tu, harufu hakuna.

Kazi kubwa ni usiku wa kuamkia. Idi ndogo ndio ina mtihani maana mwezi unaandama usiku, mnasubiri tangazo, likitoka tu saa tatu kila mtu anakimbilia sokoni na bei zimeshapanda, kwa hiyo mimi vitu vikavu nanunua wiki moja kabla, mwezi uandame usiandame. Usiku huo namenya saumu na tangawizi nasaga kwenye blenda na maji kidogo, nachagua mchele mawe, halafu nachemsha nyama kabisa na chumvi na nusu ya ule mchanganyiko wa saumu na tangawizi mpaka iive lakini isiachane na mfupa. Supu usimwage!! Ikipoa weka kwenye frigi pamoja na nyama, asubuhi umeshavuka nusu ya safari.

Asubuhi osha mchele, uloweke nusu saa, uchuje. Sasa kitunguu. Kata vyembamba vilingane, weka kwenye mafuta ya moto na usiondoke, simu weka mbali. Rangi ya pilau inatoka kwenye kitunguu, sio kwenye rangi ya chakula wala sosi ya soya kama nilivyoona watu wanafanya, yaani unakaanga kinapita manjano, kinapita dhahabu, kinafika kahawia ya mbegu ya tende, na hapo kati ya kahawia na kuungua ni kama dakika moja. Kikiungua anza upya tu, uchungu wake haufichiki. Wa sufuria kubwa hesabu dakika 20 hadi 25. Kikifika hapo tia saumu na tangawizi iliyobaki, koroga, tia viungo, acha vinukie kidogo, kisha nyama, kisha viazi, geuza geuza mpaka viazi vishike rangi. Nyanya mimi siweki. Najua wapo wanaoweka, ndugu zangu wa Kenya msinishambulie, ila kwangu hiyo ni kachumbari imepotea njia.

Maji ndio penyewe. Mchele kilo 3 ni kama vikombe 15 vya robo lita. Mchele wa Kyela uliokaa ghalani, ukishalowekwa, naupa vikombe 23 vya supu na maji, ule mpya wa msimu nashusha mpaka 20 maana bado una maji yake ndani, na hapa ndipo nilipokosea siku ya bokoboko, mchele ulikuwa umetoka kuvunwa nikaupimia kama wa zamani. Muulize muuza mchele, atakuambia. Supu ikichemka onja chumvi, iwe imezidi kidogo kwa ulimi wako, mchele utaila. Tia mchele, geuza mara moja, funika, moto wa wastani. Maji yakikaribia kukauka geuza taratibu kutoka chini mara moja tu, kila ukikoroga unavunja punje. Halafu punguza makaa chini, mengine palia juu ya mfuniko, dakika 25 usifunue hata kama mjomba anapita pita kuuliza.

Wa gesi weka chuma cha chapati chini ya sufuria, moto mdogo kabisa, foili juu kisha mfuniko. Ukifunua ukakuta juu kiini bado, nyunyiza maji ya moto kikombe kimoja, funika tena dakika kumi. Chini pakiungua usikoroge hata kidogo, hamisha la juu kwenye sufuria nyingine. Ila ukoko wa kawaida uache, watoto watagombania.

Kachumbari ikatwe mwisho kabisa, vitunguu vifikiche na chumvi uvioshe, nyanya, tango, pilipili, ndimu wakati wa kupakua sio kabla, itatoa maji. Ndizi mbivu pembeni.

La kubaki, kama litabaki, usiliache kwenye sufuria jikoni mpaka kesho, wali unaharibika haraka na joto hili la Dar. Litandaze kwenye sinia lipoe upesi, ingiza kwenye frigi, asubuhi pasha mpaka lifuke moshi kabisa, na chai ya rangi yenye mchaichai. Idi pili mimi naamka mapema kuliko wote kwa ajili ya hicho kiporo.