Kuwapeleka watoto Pangani ukitokea Dar: njia, maji, na hizo hadithi za mizimu

Kila likizo ya mwezi wa sita ikikaribia kina mama wenzangu hapa Tegeta wananiuliza swali lilelile, Pangani kuna nini na je ni kweli pana mizimu maana watoto wataogopa. Nimeshaenda mara tatu, mara ya mwisho tukiwa na mama mkwe ambaye kwao ni Bweni, kwahiyo naandika yote hapa mtu asome ajipange, na niseme mapema kabisa kwamba mimi huo mji naupenda sana na ningetamani kila mtoto wa Dar aukanyage angalau mara moja.

Pangani ni mji mdogo wa zamani mkoani Tanga, umekaa pale mto Pangani unapoingia baharini. Mji wenyewe uko upande wa kaskazini, ng'ambo ndo Bweni, katikati mnavuka na pantoni. Ule mto maji yake yanatoka huko Kilimanjaro na Meru, yamepita bwawa la Nyumba ya Mungu, yamezungusha mitambo ya umeme ya Hale, ndo yanafika hapo yamechoka yana rangi ya chai ya maziwa. Zamani misafara ya kutoka bara iliishia hapo, pembe za ndovu na watu waliofungwa minyororo, na hata baada ya Sultani Barghash kusaini mkataba wa kuzuia biashara ya watumwa baharini mwaka 1873, watu waliendelea kuvushwa kwa siri usiku kwenda Pemba. Sasa fikiria mji wenye historia hiyo, majumba ya mawe ya matumbawe yaliyobomoka nusu, milango ya nakshi, popo, giza, mto unapita kimya. Lazima watu waone vitu.

Jambo langu kubwa kwa mzazi ni hili, mpe mtoto historia ya kweli mchana, kabla hajasikia ya mizimu usiku. Mimi mara ya kwanza nilikosea mpangilio, tukafika jioni, kijana mmoja akaanza kuwasimulia watoto mambo ya wafu wanaotembea kabla hata hawajaona kitu, mwanangu wa mwisho hakulala siku mbili na hakuelewa chochote alichooneshwa kesho yake. Mara ya pili nilianzia hadithi Dar, ndani ya gari.

Na ni rahisi kuliko unavyodhani kwasababu njia yenyewe inasimulia. Kama unatoka Mwenge kwenda Tegeta unapita kambi ya Lugalo, watoto wanaliona hilo bango kila siku wakienda shule. Waulize Lugalo ni nini. Lugalo ni sehemu kule Iringa ambapo tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe wa Mkwawa walilipiga jeshi la Wajerumani na kumuua kamanda wao, Emil von Zelewski. Sasa huyohuyo Zelewski, miaka mitatu kabla, Agosti 1888, alikuwa Pangani. Ndo aliyepeleka bendera ya kampuni ya Wajerumani pale, watu wake wakaingia msikitini na viatu na mbwa, watu wa Pangani wakamwita Nyundo, na hapo ndo vita ya Abushiri bin Salim, aliyewaongoza watu wa pwani kuwapinga Wajerumani, ikawaka pwani nzima. Abushiri alikuja kukamatwa akanyongwa hapohapo Pangani Desemba 1889. Binti yangu wa miaka tisa alivyosikia hivyo aliuliza "kwahiyo mama tunaenda alikoanzia huyo mtu wa Lugalo?" na kuanzia hapo hakulala njia nzima, akawa anauliza tumefika wapi.

Njia sasa. Wenye gari, mimi napita Bagamoyo halafu Msata, manake unakwepa foleni za Kibaha na Chalinze, unavuka Wami kwenye daraja jipya, Mkata, Kabuku, Segera, hapo Segera unakata kulia ya Tanga, usijisahau ukanyoosha utajikuta Korogwe. Ukifika Muheza una uamuzi, kuna njia ya kuingia Pangani moja kwa moja lakini ni ya vumbi na mvua ikinyesha ni tope la kweli, au unaenda mpaka Tanga ndo unashuka kusini kama kilometa hamsini hivi. Na watoto mimi nachagua ya Tanga, na njiani mnasimama Tongoni kuona magofu ya msikiti na makaburi ya kale ya Waswahili, yako karibu na barabara haichukui muda. Ile barabara ya pwani kupitia Saadani ni nzuri kwa macho na ingewapa watoto habari za Bwana Heri, yule mkubwa wa Saadani aliyepigana na Wajerumani kipindi hichohicho, ila hiyo ulizia madereva wa siku hizo wanasemaje, lami na daraja la mtoni vinajengwa vipande kwa vipande na masika usijaribu na gari ndogo. Wasio na gari panda basi la Tanga pale stendi ya Magufuli Mbezi, la alfajiri kabisa, shuka stendi ya Kange kule Tanga uulizie gari za Pangani. Ukiondoka Dar saa kumi na mbili asubuhi mnafika kabla jua halijazama hata mkisimama kula.

Kabla hujapanga tarehe angalia mwezi. Wengi wanakosea hapa. Kama mnataka kwenda Maziwe, kile kisiwa cha mchanga huko baharini, mnahitaji maji yapwe asubuhi, na kwa pwani yetu siku za bamvua, yani mwezi mpevu au mwezi mwandamo, maji yanapwa kwenye saa nne asubuhi hivi na yanajaa kwenye saa kumi jioni. Kwahiyo chagua wikiendi iliyo karibu na mwezi mpevu, mtaenda Maziwe asubuhi na usiku mtakuwa na mwanga wa kutembea mjini, faida mbili. Sisi mara ya kwanza mwenye boti alichukua hela ya kutangulia akasema mchana ni poa tu, tukaondoka saa nane, tulivyofika mchanga ulikuwa umebaki kama ukubwa wa uwanja wa netiboli na unaliwa na maji huku tunauona, watoto hata hawakuvua viatu vizuri tukaambiwa turudi botini. Usilipe hadi umeuliza mvuvi mwingine asiye na boti ya kukodisha, maji yanapwa saa ngapi.

Maziwe yenyewe ni hifadhi ya bahari tangu 1975, kuna kiingilio. Zamani ilikuwa na miti ya mivinje, bahari ikaimeza yote, kimebaki mchanga mtupu, kwahiyo hakuna kivuli kabisa, beba mwamvuli, kofia, maji ya kunywa mengi, na nguo za mikono mirefu za watoto. Kasa bado wanakuja kutaga pale, na kwasababu maji yanafunika kisiwa, mayai yanahamishwa kupelekwa ufukwe wa Ushongo yakaanguliwe salama. Ukiwa na bahati siku ya kuanguliwa wapeleke watoto, vile vikasa ni vidogo kuliko kiganja, vinakimbilia maji vyenyewe bila kufundishwa na mtu. Waambie watoto wasikanyage matumbawe.

Siku ya mji fanya asubuhi jua halijawa kali. Ulizia ofisi ya utalii wa kitamaduni upate mtembezaji, na kama kuna mzee wa mtaa anayesimulia basi bora zaidi, mlipe vizuri. Sisi tulipata mzee mmoja, tulivyofika kwenye ukuta wa nyumba moja ya kale mwanangu wa kiume akamsalimia halafu akauliza bila kupepesa:

"Shikamoo babu. Humu kuna mashetani?"

"Marahaba mjukuu wangu. Njoo kwanza uweke mkono hapa."

Akamshika mkono akauweka ukutani pale chokaa ilipobanduka. Ndani ya jiwe kulikuwa na matundu madogo na kipande cha kombe la bahari kimenasa, ukipitisha kidole kinakwaruza. Akamuuliza unajua hili jiwe limetoka wapi, mtoto akasema baharini, akamwambia sasa nani alilibeba toka baharini mpaka hapa juu, na nani alizibeba hizo boriti za mikoko. Mtoto akanyamaza. Ndo akamwambia kuhusu watumwa. Pale Boma ndo akatusimulia lile ambalo kila mtu Pangani analijua, kwamba wakati linajengwa watumwa walizikwa hai chini ya nguzo ili jengo lisimame imara. Mimi nawaambia watoto kwamba hayo ni masimulizi ya wenyeji, sijaona mtu aliyefukua, lakini watumwa walikuwepo kweli na waliteswa kweli, na mtu anayesema anasikia vilio usiku anakumbuka kitu kilichotokea. Usiwaambie watoto ni upuuzi, na usiwatishie nayo pia eti usipolala mzimu utakuja, hiyo naomba sana msifanye, ni watu wale.

Na wasimulie pia kwamba hawakukaa kimya. Kwenye miaka hiyo ya 1870 watumwa wa mashamba ya miwa ya bonde la Pangani waliasi wakajikusanya upande wa Kikogwe, ng'ambo ya mto. Hapohapo Kikogwe ndo mkonge wa kwanza nchini ulipandwa, Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1000 toka Florida mwaka 1893 ikafika hai 62 tu, na yale mashamba yote ya mkonge mliyoyapita toka Segera yametokana na hiyo 62. Wanangu walipiga hesabu garini wakati wa kurudi mistari mingapi ya mkonge, wakashindwa.

Kuhusu adabu kidogo. Mji ni wa Waislamu wengi, mama beba khanga mbili, baba usitembee kifua wazi mitaani, omba ruhusa kabla ya kupiga picha watu na nyumba zao. Ramadhani mchana mgahawa utapata kwa shida, pika mwenyewe au nenda tarehe nyingine. Ukiona kitambaa chekundu au cheupe kimefungwa kwenye mbuyu, au chetezo na maji ya marashi chini yake, hapo ni mahali pa watu pa kuombea, msiguse, watoto wasichezee. Mama mkwe yeye akipita chini ya mbuyu mkubwa lazima aseme "hodi, tunapita tu na wajukuu" na mimi siku hizi nasema hivyohivyo. Ni hivyohivyo kwenye mapango ya Amboni pale Tanga kama mtapitia, kuna sehemu watu bado wanapeleka matambiko.

Usiku sasa, hapa ndo nilitaka kufika. Mtasikia mtoto mchanga analia juu ya minazi. Nakwambia ukweli hata mimi nywele zilisimama, saa tano usiku, umeme umekatika, gesti iko kimya, na kitu kinalia ng'aa ng'aa ng'aa kama kichanga kilichoachwa. Binti akanishika mkono mpaka kucha zikaniingia. Mama mkwe akaamka, akachukua tochi, akasema "twendeni tukamuone", tukatoka wote na khanga mabegani, akamulika juu ya mnazi polepole mpaka yakang'aa macho mawili mekundu makubwa, kisha mkia mrefu. Komba. Anashuka kuiba tembo kwenye vibuyu vya wagema. Watoto walimwangalia dakika kumi nzima akilamba mikono yake. Kwahiyo tochi yenye mwanga mkali ni kitu cha kwanza kwenye begi lako, kabla hata ya nguo za kuogelea, na mtoto akisikia kitu usimwambie lala, toka naye mkaangalie.

Mengine haraka haraka. Chandarua kama cha gesti kina matundu beba chako, mbu wa mtoni hawana huruma. Noti ndogondogo za boti, pantoni na mihogo ya kukaanga. Mtoni hakuna kuogelea wala kunawa miguu, kuna mamba na pale mdomoni mkondo una nguvu, bahari waogee Ushongo au ufukwe ambao wenyeji wamekuonesha. Jioni panda boti kwenda juu ya mto kwenye mikoko na minazi, jua likizama, lakini uliza maboya ya kuokolea kabla hamjapanda, kila mtoto avae lake, mwenye boti akisema hayapo shukeni mtafute mwingine. Kula samaki wa kupaka na wali wa nazi, mpike mwenyewe au agizeni mapema asubuhi maana wanapika ukiagiza. Pantoni wakati wa kusubiri watoto washuke garini, wavuke kwa miguu na nyie, gari aendeshe mmoja tu.

Kurudi ondokeni asubuhi. Muheza simameni mnunue machungwa gunia kama ni msimu wake, kule ni bei nafuu na ni matamu, halua ya majirani muwe mmeshainunua Tanga. Mkichelewa mkaingia Bunju jioni ya Jumapili mtakaa kwenye foleni mpaka watoto walale na njaa, kwahiyo ikifika saa sita mchana muwe mmeshaiacha Segera.